Kiapo cha Makuyu

Palikuwa na Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa na maneno makubwa zaidi. Siku ya mwaka mpya aliwaapia majirani kuwa mwaka huu wanawe watakula makuyu matupu. Mkewe alikuwa ndani ya tundu la mti na makinda, mlango umezibwa kwa udongo kama ilivyo desturi yao, umebaki ufa wa kupitishia chakula.

Mvua ikakosekana, mkuyu ukakauka.

“Baba watoto, panzi wamejaa tele huko nje,” mke alisema. “Tuletee hao.”

“Nimeshasema makuyu! Unataka majirani wanicheke?”

“Watoto wanalia njaa, wewe unawaza majirani?”

“Mimi sibadili kauli,” akajibu, akaruka zake.

Hasira zikampanda mama. Akaupigapiga ule udongo kwa mdomo mpaka ukabomoka, akatoka, akakamata panzi, wanawe wakala wakashiba. Kisha akaingia na panzi wengine wa akiba, akaziba upya.

Jioni mume alirudi mdomo mtupu, amechoka hawezi tena kuwinda. Akasikia watoto wanatafuna panzi.

“Mke wangu, nipitishie japo panzi mmoja.”

“Panzi?” mke alifoka kupitia ufa. “Si uliapa makuyu wewe? Kaa hapo nje, ule kauli yako!”