Kamiyoneti ya Konseye

"Usiipige teke, Konseye. Hiyo gari ni yangu."

Mafundi waliacha kazi. Konseye Ntakirutimana, mkubwa wa mtaa mzima, alikuwa ameinua mguu kuipiga mara ya pili kamiyoneti, pikapu ya Pijo 404 iliyomzimikia mbele ya garaji ya Twahiru, Kimisagara. Aliyesema ni Gahongayire, mjane wa mtaa huo, muuza nyanya wa soko la Kicukiro, aliyekuwa akipita na kikapu chake.

"Ilikuwa yako, mama," alisema Konseye. "Sasa iko ya usalama."

Wimbo wake ulikuwa huo tangu Oktoba 1990, vita vilipoanza. Asubuhi moja aliingia kwa Gahongayire, akachukua ufunguo mezani, akamwachia karatasi yenye muhuri. Usalama wenyewe ulikuwa kumpeleka mkewe misa na kubeba kreti zake za bia. Tangu hapo Gahongayire alileta nyanya kutoka Ndera kichwani, kikapu kimoja kwa siku, na watoto wake wawili walikuwa wameacha shule. Wengine walionyang'anywa mali walinyamaza. Yeye kila alipomwona Konseye aliuliza kwa sauti, watu wasikie: "Gari yangu haijambo?"

Siku hiyo kamiyoneti ilikuwa mgonjwa. Twahiru alifungua boneti, akaegemeza bisibisi kwenye injini na kutega sikio kwenye mpini wake. Alikuwa mtoto wa Nyamirambo, mtu wa swala tano na maneno machache, na ndiye aliyeitengeneza kamiyoneti hiyo tangu mume wa Gahongayire yu hai. Konseye alikuwa amejaribu mafundi wengine, wakamwambia arudi kwa anayeijua.

"Kabureta," alisema Twahiru. "Imekufa."

"Badirisha!"

Fundi alipotea nyuma ya uzio wa mabati, alikoweka spea kuukuu na mzoga wa 404 nyingine ambamo kuku wake walitagia. Akarudi na kabureta, akaifunga, kisha akainua ile aliyoitoa. Ndiyo iliyokuwa desturi ya garaji yake: chuma kinachotoka, mwenye gari akione na aamue kiende wapi, asije kusema kesho kwamba ameibiwa.

"Hii nimpe mwenyewe?"

"Mimi nifanyie nini huo uchafu?"

"Nipe mimi," alisema Gahongayire.

Konseye alicheka. "Mupe. Amekosa nyanya, akule vyuma."

Mafundi nao walicheka kicheko cha lazima, maana Konseye alikuwa akiwatazama. Gahongayire hakucheka wala hakulia. Alikifuta kile chuma kwa ncha ya kitenge, akakilaza kikapuni taratibu kama yai.

Kuanzia hapo ugonjwa ukawa wa kila mwezi. Mara dinamo, mara pampu ya maji, mara giaboksi. Twahiru aliegemeza bisibisi, akatikisa kichwa, akatoa, akaweka, akauliza swali lake lile lile, na Konseye akapunga mkono: mpe, mpe, aondoke nacho. Ajabu ni kwamba kadiri gari lilivyotibiwa ndivyo lilivyozidi kudhoofika. Konseye aliuza fahali mmoja kwa ajili ya matengenezo, kisha wa pili, na mkewe akawa anakwenda misa kwa miguu, amenuna. Angekuwa na akili angelitelekeza zamani. Lakini kulitelekeza kungekuwa kukiri mbele ya mtaa kwamba kitu cha mjane kimemshinda, na cheo kilikuwa kimempanda kichwani.

Majirani waliona haya kwa ajili ya Gahongayire. "Unajidhalilisha," walimwambia. "Unaokota takataka za mtu aliyekunyang'anya."

"Siokoti," alijibu. "Napewa, tena mbele ya mashahidi."

Mwaka 1992, masika yakianza, Twahiru alitoa hukumu: injini lazima ishuke.

"Yote?" Konseye alifoka.

"Yote. Nitakuwekea nyingine. Imechoka kidogo, lakini inazunguka. Na hii nimpe mwenyewe?"

"Mupe huyo kichaa wako! Halaka, niko na mukutano."

Wanaume wanne waliifunga injini kwenye mti wa kubebea, wakaipeleka hadi nyuma ya mabati. Gahongayire alitembea kando yake, kiganja juu ya chuma.

Jumatatu iliyofuata Konseye alikuja kuchukua kamiyoneti yake. Ilitoka garajini ikikohoa, ikaupanda mlima hatua hamsini, ikatoa moshi, ikazimika. Alipiga honi, akaita watu waje kusukuma. Zamani wangekimbilia. Mwaka huo watu walikuwa wameanza kuchoka kuogopa, na kila mmoja alikumbuka ghafla kwamba ana mgongo mbovu.

Ndipo nyuma ya mabati injini ikawaka, mara moja tu, bila kikohozi. Kuku waliruka uzio wakipiga kelele. Konseye aliganda na usukani mkononi. Aliujua mlio ule. Alikuwa ameusikia mwaka na nusu chini ya miguu yake mwenyewe, na sasa alikodolea macho boneti iliyokuwa mbele yake, kimya, ikifuka moshi.

Mabati yakafunguliwa. Ukatoka ule mzoga wa 404, milango ina kutu, manyoya ya kuku yamejaa kwenye dashibodi, nyuma umepakia vikapu vitupu hadi juu. Ukapanda mlima bila haraka, ukasimama ubavuni mwa Konseye. Gahongayire akatoa kichwa dirishani.

"Pole, Konseye," alisema. "Nikuvute?"