Bunduki Iliyomkaa Bi Veneranda

Wezi walikuwa wamevunja mlango wa Bi Veneranda mara mbili, na mwanawe Filbert, seremala, alitaka mama ahamie kwake. Mama alikataa, akaomba kibali cha silaha; alipokipata, akamwambia amsindikize duka la bunduki.

Muuzaji alileta bunduki ndefu yenye darubini. "Wakiiona hii tu, mama, watatubu."

"Kutubisha ni kazi ya padri. Nipe ile fupi, ya nusu-otomatiki."

Muuzaji akampa. "Haina risasi."

Bi Veneranda alitaka kujionea. Alielekeza mtutu chini, akachomoa magazini, lile kasha la risasi, akavuta kishikio cha pembeni kufungua chumba cha risasi, akachungulia ndani mpaka akaridhika. Ndipo alipoiweka begani, nayo ikamkaa kama gauni lililoshonwa kwa kipimo chake.

Filbert alishangaa. "Mama, nani amekufundisha?"

"Mkufunzi wa uwanja wa shabaha. Kila Jumamosi, tangu wale wezi wa kwanza. Wewe ulidhani naenda kwaya."

Muuzaji alicheka, Filbert hakucheka. Alimtazama mama yake aliyesimama wima na bunduki begani. Kisha akatoa penseli nyuma ya sikio, akamuuliza kwa heshima mlango mpya wa nyumba yake autengeneze kwa mbao za mninga au za mvule.