Panya wa Mkeka wa Leitu

Kwenye televisheni, dada mkubwa wa tamthilia alikuwa akifumua mkeka wake wa harusi, na Leitu akasahau kumeza kakao yake.

Mdogo wake Leitu ndiye aliyeitunga tamthilia hiyo. Wasomi wa Apia, mji mkuu wa Samoa, walishamsifu kwamba kafufua hadithi ya kale ya Wagiriki, ya mke aliyefumua usiku alichofuma mchana. Wagiriki gani? Vidole vile vilikuwa vya Leitu mwenyewe. Mwaka ule alipochumbiwa, mama yao hakuweza kutembea, na kama Leitu angeolewa, mdogo angeacha shule amuuguze. Lakini bila mkeka kukamilika, harusi isingefungwa. Basi kila watu walipokwenda mazoezi ya kwaya, Leitu alifumua ukili mmoja mmoja, laini kama nywele za kichanga, kisha akasingizia panya. Bwana harusi alingoja, akachoka, akaoa kwingine.

Mvua ilipita juu ya bati taratibu, kama inaota.

“Ulijuaje?” Leitu akamnong’oneza mdogo wake aliyeketi kando yake.

“Dada, panya gani anafumua mkeka halafu anaukunja ukili?”

“Nyamaza. Mama anasikia.”

Mama alikuwa ameduwaa kwenye kiti chake, mwanga wa buluu ukimchezea usoni. Kwenye kioo, yule dada akaanza kulia kwamba panya wamemmaliza.

“Na mimi paka wangu nikamtukana mvivu miaka yote hii,” mama akasema.

Akamwinua yule paka mzee, akampakata, akampapasa mgongo.

“Nisamehe, mwanangu,” akamwambia paka.

Kisha mkono ule ule, bila haraka, ukavishika vidole vya Leitu.