Darasa la Mzee Mabrouk

Funguo za mlango zilikuwa ndani ya ndoo ya mchele. Bi Ulfat alizitoa, akazipangusa, wala hakuuliza nani kazitia. Nyumba yao ya Kikwajuni ilikuwa na watu wawili tu, yeye na mumewe, na mwenye maradhi ya kusahau alijulikana.

"Baba Thuwaiba!"

"Naam."

"Njoo kwenye darasa lako."

Mzee Mabrouk akaja, mpole kama mtoto wa chuo cha Kurani. Wakakaa mkekani. Kwanza robo saa ya kimya, tasbihi mkononi, kuvuta pumzi na kuishusha taratibu. Ndivyo alivyoagiza daktari, pamoja na kutembea mpaka Mnazi Mmoja na kurudi, samaki na mboga kwa wingi, na chai bila ya sukari. Bi Ulfat aliyafanya yote pamoja naye, maana mzee hanyanyui mguu wala hatii tonge kinywani mpaka mwenziwe aanze.

Kisha nasaba.

"Mabrouk bin Suhaib," alianza mzee, "bin... Shamsi?"

"Bin Abdulwahid! Jana nshakwambia. Shamsi ami yako."

"Ah, kweli. Hebu itaje wewe mpaka mwisho, nikufuatishe."

Akaitaja. Mwaka mzima sasa, kila siku kosa jipya, na kila siku wa kusahihisha ni yeye. Alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa. Majirani walimwambia avute subira. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kilichomtisha kilikuwa kimoja tu: iko siku mume aliyeishi naye miaka arobaini na mitatu atamtazama usoni asimjue. Ili siku hiyo isifike, alikuwa tayari kusomesha mpaka roho imtoke.

Saa nne wakaingia kwa daktari. Mezani palikuwa na jalada lenye jina la Ulfat Kheir. Hakushangaa. Si yeye aliyekwenda kumwandikisha mumewe?

"Leo kakosa jina la babu yake mwenyewe," alishitaki. "Na funguo kazitia kwenye mchele."

"Nimezitia mimi, daktari," alisema Mzee Mabrouk. "Nisameheni."

Daktari alimtazama mzee. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya Bi Ulfat, goti kwa goti.

"Unafanya kazi kubwa, Bi Ulfat. Sasa nitajie wanao, kuanzia mkubwa."

Bi Ulfat akacheka. Swali gani hilo la kumuuliza mama?

"Thuwaiba," alisema. Akatazama dari, akatazama viganja vyake. "Thuwaiba, na..."

Nyuma ya bega la daktari, midomo ya Mzee Mabrouk ilikuwa ikimtajia bila ya sauti, polepole, Machano, Kidawa, Mayasa, wala haikukosea hata jina moja.