Kabla ya Kuvuliwa Bangili

Joto la mchana halikumbabaisha Nekesa hata kidogo. Bangili yake, kama ya kila mtu mjini, ilimtia kwenye damu shaba ya kupoza mwili, naye alikanda unga wa chapati huku akiimba. Shaba hiyo iligeuka sumu pale tu mwili ulipopata mshtuko, ndiyo maana sheria ilikataza kumpasha mtu habari za msiba kabla hajavuliwa bangili.

Mumewe, Barasa, aliingia mapema, mkono wake hauna bangili, akazima jiko.

"Mama Sitati, hebu nipe mkono."

"Una nini wewe? Huoni nina unga?"

"Nipe tu, mama."

Nekesa akauficha mkono mgongoni, akawasha jiko tena.

"Ngoja kwanza," akasema. "Sitati atatoka shule na njaa."