Bado, Mwanangu

Zama hizo upweke ulikuwa ugonjwa wenye tiba mbili zilizoshindanishwa katika utafiti, na daktari wa familia hakuruhusiwa kuchagua ampe nani ipi. Kura ndiyo iliyoamua. Nakiete kura ilimwangukia ya maongezi: daktari aliketi kwake, akanywa chai, akasikiliza visa vya wakwe. Jirani yake, Bi Namkunda, ilimwangukia ya kidonge.

Kila Jumamosi Daktari Mbwambo alimletea, akahakikisha amekimeza, kisha akauliza swali lake akiwa mlangoni. Kuketi kungeharibu utafiti.

"Bado mpweke, mama?"

"Bado, mwanangu. Leo upweke ndio umezidi."

Ukweli, kidonge kilikuwa kimemponya tangu masika. Alilala fofofo, na kila akikimeza, kuku wake alimwimbia nyimbo za kwaya, sauti zote nne. Lakini aliyepona alifutwa kwenye utafiti, na mlango wake haukubishwa hodi tena.

Jumamosi moja daktari alikuja mikono mitupu.

"Utafiti umefungwa, mama. Wote wa vidonge wanasema bado."

"Na Nakiete?"

"Naye bado. Wa maongezi wote bado. Wakubwa wameamua tiba zote mbili hazifai."

Bi Namkunda akavuta kiti, akakipangusa kwa khanga.

"Basi keti. Hakuna cha kuharibu tena."

"Ningependa, mama. Ila nina nyumba nyingi za kuaga."

Alipoondoka, kuku alipanda kitini. Bi Namkunda hakumfukuza, wala kuku hakumwimbia tena.