Alama Kumi

Alama ya sita iliandikwa kabla hata chai haijapoa.

Mwanasaikolojia aliziandika bila kuinua macho kwenye karatasi zake. Sharti lilikuwa la mwalimu mkuu: kila kukosa utulivu ndani ya kikao, alama moja.

“Zikifika kumi, anatoka kwenye timu ya mpira,” alikuwa ametangaza. “Mtu asiyetulia hapewi nafasi yoyote shuleni kwangu, hata ya kugonga kengele.”

Mtuhumiwa, msichana wa miaka kumi ambaye walimu walimwita Kimbunga, alikaa karibu na mlango akibembeza miguu. Alikuwa amevaa soksi za mpira tayari. Mazoezi yangeanza saa kumi.

“Tangu aanze mpira,” mama yake alisema, “anamaliza hesabu bila kusukumwa. Kocha humpa kazi moja tu, mkabe namba saba, na yeye…”

“Kwa hiyo jiografia nimfundishe kwa mateke?” Mwalimu mkuu alikwenda dirishani, akafoka kitu kwa mtu wa nje, akarudi. “Hiyo ADHD yenu, eti ugonjwa wa kutotulia, ni jina la hospitali la utovu wa adabu. Nilikuwa nasema… Hii kalamu yangu nani kaichukua?”

Kiti cha Kimbunga kililia. Kalamu ya mwanasaikolojia ikaandika.

“Unaona?” Mwalimu mkuu alipiga meza. “Hata nusu saa hawezi!”

“Mwalimu, si unisikilize kwanza…”

“Mama, nimekusikiliza vya kutosha. Mpira ni kumpigia ngoma kichaa.” Simu yake iliita, akaipokea, akaikata, akainuka kutafuta faili ambalo hakuna aliyelitaja. “Dada, tufupishe. Zimefika ngapi?”

“Kumi na nne,” mwanasaikolojia alijibu. “Kuinuka kitini, mara tano. Kudakia wenzake, mara sita. Kuacha jambo katikati, mara tatu.”

“Ndiye huyo huyo! Umempiga picha!”

Mama aliinamisha kichwa. Miguu ya Kimbunga ikaacha kubembea.

“Unakubali kila kilichoandikwa?” mwanasaikolojia alimuuliza mwalimu mkuu.

“Lete nisaini.” Alisaini kwa mbwembwe, bila kusoma hata mstari.

Mwanasaikolojia aliinuka, akamfungulia Kimbunga mlango.

“Kimbia, usichelewe mazoezi. Karatasi yako ina alama mbili tu.” Kisha akageuka. “Uliyosaini ni yako, mwalimu.”